Kurudi nyuma kwa makuzi ya mtoto

Kurudi nyuma kwa makuzi ni hali ya mtoto kupoteza uwezo aliokwisha kuupata. Aliyekuwa akisema maneno kadhaa ananyamaza. Aliyekuwa akitembea anaanza kuangukaanguka au anarudia kutambaa. Aliyekuwa akijilisha kwa mkono hawezi tena. Aliyekuwa akicheza na wenzake anajitenga. Hali hiyo si ugonjwa mmoja bali ni dalili, nayo inaweza kutokana na magonjwa mengi ya ubongo, ya damu, ya lishe au ya kurithi. Baadhi ya magonjwa hayo yanatibika yakigunduliwa mapema, mengine yanaweza kuzuiwa yasiendelee, na mengine bado hayana tiba. Kwa kuwa mwanzoni yanaweza kufanana, mtoto aliyepoteza uwezo anahitaji kuchunguzwa na daktari bila kungoja akue kwanza.

Kuchelewa, kusimama na kurudi nyuma

Watoto hawakui kwa kasi moja. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2006, ambao ulifuatilia watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Marekani, Norwei na Omani, ulionyesha kwamba wengine hutembea peke yao kabla ya kufikisha miezi 9 na wengine baada ya miezi 17, na wote ni wazima. Kwa hiyo bibi anayesema kwamba hata baba wa mtoto alichelewa kutembea huenda anasema kweli, na mara nyingi mjukuu wake atatembea.

Lakini maneno hayo ya kufariji hayamhusu mtoto aliyekwisha kutembea halafu akaacha. Anayechelewa bado anapanda ngazi, ingawa polepole. Anayerudi nyuma anashuka. Kati ya hao wawili yuko yule aliyesimama: alikuwa na maneno sita alipofikisha mwaka na nusu, na akiwa na miaka miwili bado ana maneno yaleyale sita. Kusimama ni kugumu kutambua kuliko kushuka, kwa sababu hakuna kilichopotea, lakini mara nyingi ndiko kunakotangulia.

Ziko pia hali zinazofanana na kurudi nyuma lakini sizo. Mtoto aliyetoka kuugua sana, au mwenye utapiamlo, anaweza kuacha kutembea kwa udhaifu tu, akaanza tena baada ya kupata nguvu. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuonekana ameshuka kadiri misuli yake inavyokaza na mwili unavyozidi kuwa mzito, ingawa jeraha lililomo katika ubongo wake halijaongezeka. Dawa za kifafa, hasa fenobabitoni, zikizidi kipimo humfanya mtoto asinziesinzie na kupoteza uchangamfu. Tena, mtoto aliyezaliwa mdogo wake, aliyetenganishwa na mama au aliyeshuhudia ukatili anaweza kuanza upya kukojoa kitandani, kunyonya kidole au kudai kulishwa. Kurudi nyuma kwa namna hii huwa kwa muda, nako hakugusi kila kitu: anayekojoa kitandani kwa wivu bado anatembea, anaongea na kuelewa kama zamani.

Maelezo ya mzazi

Uchunguzi huanza kwa mazungumzo, na hapo ndipo sehemu kubwa ya jibu hupatikana. Swali kuu ni hili: mtoto alikuwa akiweza nini ambacho sasa hawezi? Jibu la jumla, kama vile "alikuwa anaongea vizuri", halitoshi. Daktari hutaka maneno yenyewe. Je, alisema "mama", "maji", "twende"? Aliyatumia kuomba kitu au aliyarudia tu kama kasuku? Watu wasio wa nyumbani walimwelewa? Yalisikika mara ya mwisho lini? Tarehe husahaulika upesi, lakini mzazi hukumbuka kama ilikuwa kabla ya Ramadhani, wakati wa mavuno, au siku za msiba fulani, na hilo hutosha kupata mwezi.

Kisha huulizwa kasi ya mabadiliko. Uwezo uliopotea kwa saa au siku chache huelekeza kwenye malaria kali, homa ya uti wa mgongo, kiharusi, sumu au jeraha la kichwa. Uliopotea kwa wiki na miezi huelekeza kwenye kifafa kilichojificha, upungufu wa lishe, VVU, uvimbe ndani ya kichwa au ugonjwa wa kurithi. Huulizwa pia kama kuna ndugu wa mtoto aliyefariki akiwa mdogo kwa namna kama hiyo, na kama wazazi wenyewe ni ndugu wa damu, kwa mfano watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Ndoa za aina hiyo ni za kawaida katika baadhi ya jamii za pwani ya Afrika Mashariki na za Omani. Swali haliulizwi kwa kulaumu, bali kwa sababu magonjwa kadhaa ya kurithi hutokea pale tu mtoto anapopokea jeni yenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili.

Ushahidi mwingine umo nyumbani. Kadi ya kliniki inaonyesha uzito wa kila mwezi, na pengine mzunguko wa kichwa. Video iliyopigwa kwa simu siku ya sherehe inaweza kumwonyesha mtoto akishika kikombe au akiitikia jina lake, na hivyo kumaliza ubishi wa kama uwezo huo ulikuwapo kweli. Kwa mtoto wa shule, ushahidi uko katika madaftari. Mwanafunzi ambaye mwezi Januari herufi zake zilikaa juu ya mstari, na mwezi Agosti zinapanda na kushuka kama za mtoto wa chekechea, ameacha kumbukumbu ambayo hakuna mtu mzima anayeweza kuitunga. Walimu ni wepesi kuiita hali hiyo uvivu au utundu, na yuko mtoto aliyechapwa kwa ajili ya ugonjwa.

Sababu

Katika umri wa mwaka mmoja hadi miwili na nusu, sababu inayojulikana zaidi ni usonji. Takriban mtoto mmoja kati ya watatu au wanne wenye usonji hupoteza maneno aliyokuwa nayo, au huacha kutazama watu usoni na kuitikia jina, mara nyingi kati ya miezi 15 na 24. Hata hivyo mtoto wa usonji kwa kawaida hapotezi uwezo wa kukaa, kutembea au kumeza. Akiupoteza, jina la usonji lisikubaliwe haraka. Vilevile mtoto aliyeanza kurudi nyuma akiwa na miaka mitatu au zaidi anastahili uchunguzi mpana. Mwalimu Theodor Heller wa Vienna alieleza watoto sita wa namna hiyo mwaka 1908, miaka mingi kabla usonji haujapewa jina katika vitabu vya tiba.

Kifafa ni sababu ya pili ya kutafutwa kwa bidii, kwa kuwa si kila kifafa huangusha mtu chini. Mwaka 1841 daktari Mwingereza William James West aliandika katika jarida la Lancet kuhusu mwanawe mchanga, ambaye kichwa na mwili wake vilikuwa vikijikunja mbele ghafla, mara nyingi mfululizo, huku akipoteza uchangamfu aliokuwa nao. Leo hali hiyo huitwa ugonjwa wa West. Huanza zaidi kati ya miezi 3 na 12, na mishtuko huja kwa makundi, hasa mtoto anapoamka. Wazazi, na hata wahudumu wa afya, hudhani ni tumbo linalomsokota au ni kushtuka tu. Tiba ipo, nayo ni dawa za jamii ya steroidi au vigabatrini, na kila wiki inayopotea hupunguza matumaini ya ubongo kurudi katika hali yake. Kwa watoto wa miaka 3 hadi 7 kuna ugonjwa ulioelezwa mwaka 1957 na Wamarekani William Landau na Frank Kleffner. Mtoto huacha kuelewa maneno hata watu wakamdhania kiziwi, kumbe ni hitilafu za umeme wa ubongo, ambazo huongezeka anapolala.

Maambukizi yana nafasi kubwa Afrika Mashariki. Malaria inayoingia ubongoni na homa ya uti wa mgongo huweza kuacha ulemavu, kifafa au uziwi. Na mtoto mdogo aliyepoteza kusikia hupoteza pia usemi wake baada ya muda. Virusi vya Ukimwi hushambulia ubongo wa mtoto aliyezaliwa navyo na ambaye hajaanza dawa. Anaweza kuacha kukaa au kutembea kabla hata ya dalili nyingine kuonekana. Dawa za kupunguza makali ya virusi huzuia mteremko huo, na watoto wengine hurudishiwa sehemu ya walichopoteza. Kwa kuwa kipimo ni rahisi na majibu hutoka siku hiyohiyo kwa walio wengi, hakuna sababu ya kukiweka mwisho wa orodha.

Surua nayo inaweza kurudi kwa sura nyingine. Virusi vyake, hasa kwa aliyeugua kabla ya miaka miwili, huweza kukaa kimya ubongoni kwa miaka mingi. Mtoto aliyepona kabisa, anayesoma shule ya msingi, huanza kushuka darasani, tabia hubadilika, mwili hurukaruka ghafla, kisha huanza kifafa na hatimaye kulala kitandani. Ugonjwa huo hauna tiba ya kuuponya, na wengi hufariki ndani ya miaka michache. Kinga yake ni chanjo ya surua, ambayo Tanzania na Kenya hutolewa katika miezi 9 na 18.

Mfano wa karibu zaidi ni ugonjwa wa kusinzia kichwa. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alikutana nao Mahenge, kusini mwa Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipofungua kliniki ya wagonjwa wa kifafa. Mtoto aliyekuwa mzima, kwa kawaida wa miaka 5 hadi 15, huanza kuinamisha kichwa mara kwa mara kama anayesinzia, mara nyingi anapoona chakula. Kisha hupata kifafa cha kuanguka, huacha kukua, na akili hudhoofika hata akaacha shule. Baadaye ugonjwa huohuo ulionekana kwa wingi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, katika wilaya kama Kitgum na Pader. Maeneo yote hayo yana usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na nzi weusi wa kando ya mito yendayo kasi. Namna hasa minyoo hiyo inavyohusika na ubongo bado inachunguzwa, lakini kaskazini mwa Uganda, baada ya ivamektini kugawiwa na nzi kudhibitiwa mitoni, wagonjwa wapya walipungua mno.

Upungufu wa vitamini B12 ni nadra kutajwa lakini haufai kusahauliwa. Vitamini hiyo hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa, wala haimo katika mboga na nafaka. Mama mwenye upungufu hutoa maziwa yenye upungufu, na mtoto anayenyonya tu huweza kuanza kulegea na kupoteza tabasamu akiwa na miezi michache. Sindano za vitamini hiyo humbadilisha kwa siku chache, ingawa akicheleweshwa baadhi ya madhara hubaki. Mtoto mwenye selimundu naye anaweza kupata kiharusi, pengine kidogo kidogo bila kupooza kwa dhahiri, akaonekana tu kuwa amepungua akili darasani. Tangu mwaka 1998 imethibitishwa kwamba kuongezewa damu kwa utaratibu hupunguza sana viharusi kwa watoto ambao kipimo cha mwendo wa damu kichwani kimeonyesha wako hatarini.

Mwisho ni kundi kubwa la magonjwa ya kurithi ambayo kila moja ni adimu. Katika ugonjwa wa Tay-Sachs mafuta fulani hulundikana katika seli za ubongo, na mtoto huanza kushuka kabla ya kutimiza mwaka. Katika adrenolukodistrofi mvulana wa miaka 4 hadi 10 huanza kwa kushindwa masomo, kusikia au kuona vibaya. Kupandikizwa uboho kunaweza kumwokoa, lakini mwanzoni tu. Aina moja ya ugonjwa wa Batten, inayoanza kwa kifafa na kupoteza maneno katika umri wa miaka 2 hadi 4, ilipata dawa ya kupunguza kasi yake mwaka 2017, ingawa bei yake iko mbali na uwezo wa familia za kawaida.

Ugonjwa wa Rett

Ugonjwa wa Rett unaonyesha vizuri jinsi kurudi nyuma kunavyoweza kutazamwa kwa miaka mingi bila kueleweka. Mwaka 1954 daktari wa watoto Andreas Rett wa Vienna, Austria, aliwaona wasichana wawili waliokaa na mama zao wakingoja kuhudumiwa. Wote wawili walikuwa wakisugua mikono kama wanaonawa, bila kupumzika. Akapekua mafaili yake, akawapata wengine. Alichapisha maelezo yake mwaka 1966, lakini kwa Kijerumani, na nje ya nchi zinazotumia lugha hiyo ni wachache walioyasoma. Mwaka 1983 tu, Bengt Hagberg wa Uswidi na wenzake walipoandika kwa Kiingereza juu ya wasichana 35 wa Uswidi, Ufaransa na Ureno, ndipo madaktari wa kwingine walipotambua kwamba wagonjwa hao wanao hata wao. Kwa miaka 17 ugonjwa ulikuwa umekwisha kuandikwa, na bado wazazi waliambiwa haujulikani.

Msichana mwenye Rett huzaliwa akionekana mzima. Kati ya miezi 6 na 18 makuzi husimama, na kichwa huanza kukua polepole kuliko inavyotakiwa. Kisha, kwa wiki au miezi, hupoteza maneno na matumizi ya mikono. Badala ya kushika vitu huikamua, huipiga makofi au huitia mdomoni. Wengi hupata kifafa, pumzi isiyo sawa na mgongo kupinda. Baadaye hali hutulia, na wagonjwa wengi hufikia utu uzima. Baadhi huwasiliana kwa kutazama kile wanachokitaka. Ugonjwa humpata takriban msichana mmoja kati ya 10,000.

Chanzo chake kilijulikana mwaka 1999, pale maabara ya Huda Zoghbi huko Houston, Marekani, ilipogundua kasoro katika jeni iitwayo MECP2 iliyo kwenye kromosomu X. Karibu kila mara kasoro hiyo hutokea upya, yaani wazazi hawanayo. Mwaka 2007 watafiti wa Edinburgh chini ya Adrian Bird waliirudishia kazi jeni hiyo kwa panya waliokwisha kuugua, na panya wakapata nafuu kubwa. Ilionekana kwamba seli za ubongo hazikuwa zimekufa. Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, trofinetidi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023. Inapunguza baadhi ya dalili bila kuponya.

Vipimo

Daktari humpima mtoto kuanzia kichwani. Kichwa kinachokua haraka mno huashiria kichwa maji. Kinachosimama huelekeza kwenye Rett na mengineyo. Doa jekundu ndani ya jicho, madoa meupe ya ngozi, ini au wengu kuvimba, kila kimoja hupunguza orodha ya magonjwa. Usikivu hupimwa kwa kila mtoto aliyepoteza usemi, hata kama wazazi wana hakika kwamba anasikia.

Kanuni inayofuatwa ni kuanza na yanayotibika. Kwa hiyo damu hupimwa VVU, wingi wa damu, selimundu, homoni ya tezi la shingo, vitamini B12 na, inapowezekana, madini ya risasi. Kipimo cha umeme wa ubongo hufanywa mtoto akiwa amelala, kwani kikifanywa akiwa macho pekee kinaweza kukosa hitilafu za Landau na Kleffner. Picha ya MRI huonyesha uvimbe, kiharusi na kuharibika kwa sehemu nyeupe ya ubongo. Maji ya uti wa mgongo huchukuliwa kutafuta maambukizi, na pia sukari; ikiwa chini humo ilhali ya damu ni ya kawaida, na hakuna maambukizi, huenda ubongo haupitishiwi sukari, na tiba yake ni chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo. Vipimo vya jeni huja mwishoni, na kwa Afrika Mashariki sampuli mara nyingi husafirishwa nje kwa gharama kubwa.

Mashine za MRI na za umeme wa ubongo ziko zaidi katika hospitali kubwa za mijini. Ndiyo maana maelezo kamili, kadi ya kliniki na video ya simu vina thamani kubwa zaidi wilayani kuliko Vienna au Houston: ndivyo vinavyoamua nani apewe rufaa leo na nani arudi baada ya mwezi. Wa kupelekwa mara moja ni mtoto anayetapika asubuhi huku akiumwa kichwa au kuyumba, aliyelegea upande mmoja wa mwili, mwenye homa na degedege, aliyepoteza fahamu, na mchanga mwenye mishtuko ya makundi.

Shutuma zisizo za kweli

Katika imani za kale za pwani degedege lilihusishwa na ndege au pepo, na hadi leo mtoto aliyerudi nyuma huweza kuzungushwa kwa waganga kwa miezi kadhaa, miezi ileile ambayo tiba ingefaa zaidi. Shutuma mpya zaidi ni ya chanjo. Mwaka 1998 Andrew Wakefield wa Uingereza na wenzake walichapisha makala juu ya watoto 12 wakidokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua na usonji. Jarida la Lancet liliifuta makala hiyo mwaka 2010. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote. Kinachowachanganya wazazi ni umri: chanjo ya miezi 18 hutolewa wakati uleule ambao usonji huanza kuonekana, kwa waliochanjwa na wasiochanjwa.

Baada ya jina kupatikana

Hata pale ugonjwa usipokuwa na tiba, mtoto husaidiwa na mazoezi ya viungo na ya usemi, dawa za kifafa, lishe na nafasi shuleni. Jina la ugonjwa hujibu pia swali ambalo familia huuliza kwa sauti ya chini, yaani kama mama azae tena. Katika magonjwa kama Tay-Sachs, ambayo mtoto hupokea jeni yenye kasoro kwa wazazi wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Katika ugonjwa wa Rett uwezekano huo kwa kawaida ni chini ya asilimia 1.